Mbegu ya nyanya chotara haijafa

Mhariri,

Makala yenu ya kilimo iliwaambia wasomaji kwamba mbegu inayotolewa ndani ya nyanya chotara ni mbegu iliyokufa: haioti, na ikiota haizai, kwa hiyo mkulima mwenye akili huitupa na kurudi dukani kila msimu. Naomba nafasi nipinge. Gazeti lako hunifikia hapa Bombo, Uganda, kupitia mpwa wangu anayeendesha lori la Mombasa, nami hulisoma likiwa limeshapitwa na siku, basi kama mwingine ameshawajibu mtanisamehe. Ila jambo lenyewe halijapitwa. Hata sokoni Wobulenzi nimelisikia likisemwa kama aya.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona gomesi, sare za shule na shela za maharusi, na nyuma ya nyumba nina kishamba kinachoishia kwenye uzio wa jirani. Cheti cha kilimo sina. Ninayo nyanya niliyoizalisha mwenyewe, ambayo sasa nikiipanda mstari mzima hutofautishi mche na mche, na ilianza na nyanya mbili zisizofanana hata kidogo.

Mbegu ya chotara inaota vizuri kabisa. Pitia jalala lolote baada ya mvua ya Machi uone miche ya nyanya iliyojiotea, nusu yake imetoka kwenye matunda ya chotara tuliyoyakatia kachumbari. Kinachotokea ni kwamba watoto hawafanani. Kampuni huchukua nyanya mbili zilizokwisha kutulia, yaani ambazo watoto wao hufanana nazo, inazichanganya, kisha inauza mbegu ya kizazi cha kwanza. Kizazi hicho kinafanana chote, kwa sababu kila mche umepewa nusu ile ile ya baba na nusu ile ile ya mama. Ukitoa mbegu humo na kuipanda, urithi unagawanywa upya kwa kila mche: mmoja mrefu, mwingine kichaka, huyu tunda lake la mviringo, yule limechongoka, huyu mtamu, yule maji matupu.

Sasa, mwenye ekari za kupeleka soko la Kalerwe kule Kampala asinisikilize mimi. Akinunua mbegu kila msimu hajakosea, maana mnunuzi wa jumla anataka sanduku la nyanya za ukubwa mmoja zilizoiva pamoja, na deni la benki halingojei mtu ajifunze. Mtu huyo makala yenu ilimfaa. Lakini wengi wetu tunaosoma ukurasa ule tuna mistari michache nyuma ya jiko. Kwetu mgawanyiko huo ndio mali. Kampuni imeshatufanyia kazi ya kwanza, ya kuchanganya. Tunda lipo mkononi, mbegu zimo ndani, halafu tunaambiwa tutupe!

Mimi sikuanza na chotara ya dukani. Marehemu mama yangu alituachia nyanya ya kienyeji yenye mikunjo begani, ndogo, chachu, tamu sana kwenye mchuzi, na ngozi yake dhaifu haifiki Wobulenzi bila kupasuka. Inapanda juu bila kikomo, inataka miti ya kuiegemeza, na miti siku hizi inanunuliwa. Sifa yake kubwa ni moja: kwenye udongo wetu uliojaa mnyauko wa bakteria, yenyewe hubaki imesimama wakati nyingine zimelala.

Wasiouona ugonjwa huo wajue unavyotambulika. Mmea unalegea mchana ukiwa bado wa kijani, jioni unajiinua kidogo, siku chache baadaye hauinuki tena. Kata shina karibu na ardhi, lishikilie ncha yake ikiwa ndani ya glasi ya maji safi, tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe wa ute unateremka kutoka kwenye mkato, ndiyo huo. Dawa ya kupuliza inayoutibu hakuna, hata kama mwenye duka anakuonyesha chupa. Bakteria wamo ardhini na wanakaa miaka. Na hapa niseme jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Zile herufi VF kwenye pakiti ya Roma VF, nyanya ya dukani, zinamaanisha inavumilia Verticillium na Fusarium, magonjwa mawili ya kuvu wa udongo. Mnyauko wa bakteria haumo. Watu wanalipa wakidhani wamenunua kinga ya kila kitu kinachonyausha.

Roma hata hivyo ina niliyokuwa nayataka: inakaa kichaka bila kuomba mti, na tunda lake lina nyama na ngozi ya kusafiri. Basi nikaamua kuzioanisha hizo mbili.

Makala kama zenu hupenda kusema jambo hili ni la maabara. Vyombo vyangu vilikuwa sindano, kibano cha kunyofolea nyuzi, uzi mwekundu na vipande vya neti vilivyobaki kwenye shela. Ua la nyanya lina dume na jike humo humo, na hujichavusha lenyewe mara linapofunguka, kwa hiyo lazima uliwahi. Jioni nilitafuta ua ambalo petali zake zimeanza kugeuka manjano lakini bado zimefumba. Unazifungua taratibu kwa ncha ya sindano. Ndani utakuta kijibomba cha manjano: hizo ndizo sehemu za kiume, zimeshikana kulizunguka jike. Unakinyofoa kipande kwa kipande kwa kibano, ukivuta kuelekea nje, wala usikikaze, maana katikati kuna kijiti chembamba cha kijani chenye kichwa kidogo, na hicho kikivunjika ua limekwisha, tafuta jingine. Kisha unalivisha kifuko cha neti nyuki asije akakutangulia. Asubuhi jua likishakausha umande unachuma ua lililofunguka la yule unayetaka awe baba, unalitikisa juu ya kifuniko cheusi cha chupa mpaka uone unga wa chavua, halafu unachovya kile kichwa cha kijani humo. Ukimaliza, kata viwili kati ya vijani vinavyolizunguka ua kwa chini kama alama, funga uzi mwekundu, rudisha neti. Tunda likishika, vile vijani vilivyokatwa vitabaki juu yake mpaka liive, hivyo hata uzi ukidondoka hulipotezi.

Mama wa mchanganyo wangu nilimfanya Roma, na nyanya ya mama yangu ikawa baba, jambo lililowachekesha dada zangu. Sababu ninayo. Ukichaka wa Roma ni sifa inayojificha: mche ukipewa urefu na mzazi mmoja tu, unakuwa mrefu. Basi mbegu za tunda lile zikitoa mche mrefu, najua baba alifika. Zikitoa kichaka, najua ua lilijichavusha kabla ya kibano changu, na mche huo naung'oa. Ningewageuza wazazi, miche yote ingekuwa mirefu na nisingejua lolote. Mtu asiye na maabara anajipimia kwa namna hiyo.

Kizazi cha kwanza kilitoka kirefu chote. Dada yangu mkubwa alikitazama akasema, "Fundi, umesumbuka bure, hii si nyanya ya Mama ile ile?" Nikamwomba asubiri mbegu zake. Katika kizazi cha pili vichaka vilirudi, takriban mmoja kwa kila minne, kama Gregor Mendel alivyoandika mwaka 1866 kuhusu njegere za bustani yake ya utawani. Na hapa pana siri inayowapa moyo wenye kishamba kidogo. Sifa inayojificha ikishajionyesha, imetulia hapo hapo. Kichaka cha kizazi cha pili hakitazaa mrefu tena kikijichavusha, kwa hiyo hilo unalifuta kwenye orodha yako tangu msimu huo. Vivyo hivyo rangi ya manjano ya tunda. Wenye kusumbua ni wale wa sifa inayotawala: mche wa tunda jekundu unaweza kuwa umeficha manjano ndani, na hutajua mpaka upande watoto wake. Panda dazeni moja kutoka kwake. Ikiwa hakuna hata mmoja wa manjano, una haki ya kuanza kumwamini.

Mnyauko haufuati hesabu nyepesi namna hiyo. Uvumilivu wake unabebwa na vitu vingi kwa pamoja, na wazalishaji wa mbegu duniani wamelalamika miaka mingi kwamba unapenda kufuatana na tunda dogo. Nami nimeyaona. Kizazi cha pili nilikipanda makusudi kwenye pembe ambako maji ya mvua hutuama na nyanya zetu zilikuwa zikifia. Zilianguka nyingi, jirani akanionea huruma, nami nilikuwa nimekaa kibarazani na cherehani yangu nikisubiri zianguke zote za kuanguka. Zilizobaki zimesimama nyingi zilikuwa na matunda madogo. Yangu ya leo si kubwa; ni ya kujaa kiganja cha mtoto. Anayetaka nyanya ya kukata duara nne za kufunika chapati ya rolex, ile tunayoviringishia mayai, atafute nyingine.

Katika kuchagua ndipo akina mama wenzangu wa sokoni na mimi tunapogombana. Wao wakitaka mbegu hutafuta tunda kubwa kuliko yote kwenye rundo na kulikamua. Tunda hilo limetoka kwenye mmea gani? Hawajui. Huenda mmea ule ulizaa moja kubwa na kumi zilizopasuka. Mmarekani mmoja wa Ohio, Alexander Livingston, alihangaika namna hiyo hiyo karne ya kumi na tisa, akichagua matunda mazuri na kupata watoto wa ovyo, mpaka alipogeuza: akachagua mmea mzima ambao matunda yake yote yalifanana, ingawa yalikuwa madogo, akaendelea na watoto wake msimu hadi msimu mpaka matunda yakakua. Mwaka 1870 akaitoa nyanya aliyoiita Paragon, na biashara ya mbegu za nyanya kule haikurudi ilikotoka. Kwa hiyo mimi hutembea mistarini kabla ya tunda lolote kuiva. Natazama mmea wote: majani, mafundo ya maua, umekaaje baada ya mvua ya mawe. Uliochaguliwa unafungwa kitambaa, na hapo hata mgeni aje saa ngapi, tunda lake haliingii jikoni.

Kutuliza aina ni kurudia hayo tu. Kwa kuwa nyanya hujichavusha yenyewe, mchanganyiko uliobaki ndani yake unapungua nusu kila kizazi. Kwa wastani kizazi cha pili kina asilimia 50 ya ule wa mwanzo, cha tatu 25, cha nne 12.5, cha tano 6.25, cha sita kama 3, na cha nane hakifiki 1. Ndiyo maana wazalishaji husema kizazi cha sita mpaka cha nane mtu anaweza kuipa aina jina bila aibu. Kabla ya hapo unagawa mbegu ambayo itakusuta kwa jirani.

Miaka mingapi? Mwaka 2005 Craig LeHoullier wa Marekani na Patrina Nuske Small wa Australia walianzisha mradi wa wapenda bustani wa kuzalisha nyanya fupi za kupandwa kwenye vyungu, watu wa kawaida, kila mmoja na kipande chake nyumbani. Kwa vile kaskazini kukiwa na joto kusini kuna baridi, walitumiana mbegu kwa posta ili wapate vizazi viwili ndani ya mwaka mmoja. Sisi tuliokaa kando ya ikweta hatuhitaji hata stempu. Mvua ya Machi hadi Mei ni kizazi kimoja, mvua ya Septemba hadi Novemba ni kingine, kwenye kishamba kile kile. Anayechanganya maua mvua ya Machi anaweza kupanda kizazi cha sita mvua ya Machi ya mwaka wa nne. Wenye maji karibu na nguvu za kubeba jerikeni wanaweza kusukuma kingine kiangazi. Mimi sina mgongo huo.

Kuhusu mbegu zenyewe nitakuwa mfupi. Zikamue na maji yake kwenye kikombe, ziache siku mbili au tatu zichachuke mpaka ule utelezi uachie, zioshe, zianike kivulini kwenye sahani, maana kwenye karatasi zitagandia. Zikikauka sawasawa zinakaa miaka. Bahasha moja, mmea mmoja: mbegu za mimea miwili zisionane hata kama inafanana, kwa sababu hapo umechanganya historia na hakuna wa kukuchambulia. Andika kizazi, namba ya mmea, msimu, na mzazi wake. Bahasha zangu za kaki ziko kwenye bati la biskuti pamoja na mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na watoto wamekatazwa kuligusa kuliko sanduku la pesa.

Sitasahau afisa mmoja wa kilimo aliyekuja kwenye kikundi chetu cha akina mama, akakuta bahasha zangu, akatabasamu, akasema kazi hii ina wenyewe wenye digrii, sisi tungoje mbegu zilizoboreshwa. Nawaheshimu wenye digrii. Tengeru 97 iliyotoka kwa watafiti wa Arusha ni nyanya nzuri, na uzuri wake mwingine ni kwamba si chotara, mbegu yake unaihifadhi mwenyewe. Lakini hakuna mtafiti atakayekuja kuijaribu pembe yangu ya maji yaliyotuama. Wana nchi nzima ya kuifikiria.

Najua sheria ipo. Kwetu Uganda, Sheria ya Mbegu na Mimea ya 2006 inataka aina ipitishwe kabla mbegu yake haijaingia sokoni, na ya kulinda aina za mimea ya 2014 inataka aina iwe mpya, ya pekee, sare na thabiti. Sizigombi, nimewahi kuuziwa pakiti iliyoandikwa Roma na ikaota nyanya za kila sura, kwa hiyo najua kwa nini mbegu inahitaji askari. Siuzi mbegu yangu. Ninachoomba ni gazeti lenye ukurasa mzima wa kilimo liache kuwaambia watu kwamba hawawezi. Wapeni hesabu ya vizazi, wapeni picha ya ua lililofumba na lililofunguka. Waambieni pia kwamba benki ya taifa ya vinasaba vya mimea iko Entebbe, na nyanya za bibi zao zinastahili kufikishwa huko kabla mwenye kuzijua hajafariki, maana bila ile ya mama yangu nisingekuwa na cha kumwoanisha Roma.

Nina haja yangu pia, sitaificha. Bombo ina mnyauko lakini haina baridi ya kuita ugonjwa wa bakajani chelewa, ule unaounguza shamba zima ndani ya wiki ukikuta ukungu na mvua ya mfululizo. Nyanya yangu sijaijaribu kwenye baridi. Nawatafuta wasomaji wa Kabale na Kapchorwa, nyanda zetu za juu zenye baridi, walio tayari kuipanda mstari mmoja kando ya nyanya waliyoizoea, wasiipulizie dawa, na waangalie. Mbegu ni bure. Wakipita na taksi ya Luweero washuke Bombo waulize fundi wa shela, wataonyeshwa. Sharti langu ni kwamba msimu ukiisha waniambie kwanza mimea mingapi imekufa na imekufaje. Zilizozaa wataniambia baadaye, au wazile tu.

Wako,
Fundi cherehani,
Bombo, Luweero, Uganda